Nishani zisizo na jina: urithi wa vita katika nyumba za Eldoret

Mwaka 2006, fimbo za Koitalel arap Samoei zilirudi Kenya baada ya miaka mia moja na ushei. Muda wote huo zilikuwa Uingereza, mikononi mwa ukoo wa Richard Meinertzhagen, ofisa wa King's African Rifles aliyemuua kiongozi huyo wa Wanandi tarehe 19 Oktoba 1905, walipokutana kwa kile kilichoitwa mazungumzo ya amani. Meinertzhagen alizichukua, akazipeleka kwao, na mwanawe akazirithi. Mwana huyo ndiye aliyekubali zirudishwe. Leo kumbukumbu ya Koitalel inatunzwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko Nandi Hills, kusini mwa Eldoret.

Fimbo hizo zisingerudi kama zingekuwa zimepoteza jina la mwenyewe. Meinertzhagen aliandika shajara, na ile ya miaka yake ya Kenya ilichapishwa mwaka 1957. Wanahistoria wanayatilia shaka mengi aliyoyaandika. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimwondolea lawama ya mauaji hayo, lakini hata hivyo aliondolewa nchini mwaka 1906. Nao wazee wa Nandi hawakuacha kusimulia jinsi Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao Koitalel, alivyouawa. Basi pande zote mbili, ya aliyetwaa na ya walionyang'anywa, zilijua fimbo zile ni za nani.

Ipo pia mizigo ya vita iliyosafiri kinyume, kutoka ng'ambo hadi kwetu. Katika nyumba za Uasin Gishu, Nandi na Elgeyo Marakwet, sanduku la babu aliyekuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, linaweza kuwa na nishani mbili tatu, cheti cha kufunguliwa jeshini, picha iliyofifia, au kabuti zito la sufu lililoliwa na nondo. Vitu hivyo havina shajara iliyochapishwa wala jumba la makumbusho. Vina familia tu, na familia nyingi zimeanza kusahau.

Jeshi la keya liliundwa mwaka 1902. Waingereza walipokwisha kuwashinda Wanandi, ambao walikuwa wamewapinga kwa muongo mzima, waliona kwamba watu waliowasumbua hivyo wangefaa kuwa askari wao. Wakaanza kuwaandikisha Wanandi na majirani zao katika jeshi lile lile lililomuua Koitalel. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, karibu Wakenya laki moja walivaa sare, wengine wakiwa wapiganaji, wengine madereva, mafundi, wapishi na wahudumu wa hospitali.

Njia waliyopita ni ndefu. Mwaka 1940 na 1941 walipigana na Waitalia Somalia na Ethiopia, hadi Gondar iliposalimu amri tarehe 27 Novemba 1941. Wafungwa wa Kiitalia waliletwa Kenya kwa maelfu na kuwekwa katika kambi kadhaa, zikiwemo za Londiani na Eldoret. Mwaka 1942 baadhi ya vikosi vya keya vilipelekwa Madagaska. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kichwa cha kifaru kwenye beji yake, ilivuka bahari hadi Ceylon, nchi iitwayo Sri Lanka siku hizi, na mwaka uliofuata ikaingia Burma. Iliteremka bonde la Kabaw katikati ya msimu wa mvua kubwa, penye matope na malaria, ikiwasukuma nyuma Wajapani. Mwanzoni mwa Desemba 1944 ikauteka mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin. Hapo wahandisi wakajenga daraja la Bailey la futi 1,154, ambalo wakati ule lilikuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani.

Wapo ambao hata sanduku lao halikurudi. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Familia hizo zilibaki na habari ya kifo tu.

Waliorudi, nishani zao zinaweza kutuonyesha walikopita, mradi tujue kuzisoma. Nishani za nyota zina ncha sita na rangi ya shaba. Zote zinafanana, kwa hiyo utepe na maandishi ya duara katikati ndiyo yanayozitofautisha. Utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati ni wa Nyota ya Afrika, na mwenye nao huenda alipigana Ethiopia au Somalia. Utepe wa bluu nzito wenye mstari mpana mwekundu katikati, na michirizi ya rangi ya chungwa pembeni, ni wa Nyota ya Burma. Ile ya 1939–1945 ina mistari mitatu iliyo sawa: bluu nzito, nyekundu na bluu nyepesi. Nishani ya duara, rangi ya fedha, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili, ni Nishani ya Vita waliyopewa wanajeshi wengi. Ukiziweka zote pamoja, safari ya babu inaanza kuonekana.

Jina lake ndilo litakalokosekana. Nishani za Vita vya Kwanza zilichongwa ukingoni namba na jina la askari, lakini nyota za Waingereza za Vita vya Pili zilitolewa tupu. Nyota ya Burma ya mzee wa Iten haina tofauti na ya mtu wa Glasgow. Kinachoifunga na mtu mmoja, mwenye uso na boma lake, ni cheti cha kufunguliwa jeshini pamoja na maneno ya jamaa zake. Cheti kikiliwa na mchwa na wasimulizi wakifariki, kitakachobaki ni kipande cha chuma kinachoweza kuuzwa mnadani ughaibuni kama bidhaa yoyote.

Tusitegemee kwamba wengine wametuandikia. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Ripoti hiyo ilihusu vita vya kizazi kilichotangulia, lakini inatufundisha jinsi dola lilivyoshika hesabu ya watu wake weusi.

Hesabu za mishahara nazo zinasema hivyo hivyo. Mwaka 2019 zilichapishwa nyaraka zinazoonyesha kwamba malipo ya kuagwa jeshini baada ya 1945 yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Askari Mwafrika aliweza kupata theluthi ya kile alichopewa Mzungu wa cheo kile kile. Kenya ya baada ya vita ilikuwa na mpango wa kuwapa wanajeshi Wazungu mashamba katika nyanda za juu. Uasin Gishu ilikuwa ndani ya nyanda hizo, na sheria haikumruhusu Mwafrika kumiliki ardhi humo. Mtu aliweza kutoka Kalewa na nyota kifuani, kisha akarudi kuishi kama skwota katika shamba la Mzungu. Ndiyo sababu wazee wengine hawakupenda kuzizungumzia nishani hizo. Ukimya wao una historia yake, nao unastahili kuandikwa.

Kuna jambo jingine lililotokana na miaka hiyo, ingawa halikuingia sandukuni. Matangazo ya redio ya wakati wa vita, yaliyotolewa na John Chemallan, yaliwakusanya Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Watugen na ndugu zao kuwa kundi moja la wasikilizaji. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940, wanafunzi wa shule ya Alliance waliotoka jamii hizo waliunda chama chao. Jina lao la pamoja, Kalenjin, likashika. Mjukuu anayejitambulisha kwa jina hilo leo amerithi kitu cha enzi ya vita, hata kama kwao hakuna nishani.

Basi kazi hii ni yetu, na haihitaji fedha. Kabla ya urithi kugawanywa, nishani zipigwe picha zikiwa pamoja. Mwana mmoja akichukua Nyota ya Afrika na mwingine ile ya Burma, safari ya baba yao inakatika vipande viwili, na hakuna mjukuu atakayeiunganisha tena. Zisisuguliwe kwa dawa ya kung'arishia, maana husaga maandishi, na utepe usiachwe juani. Cheti kinakiliwe. Nyuma ya kila picha paandikwe kwa penseli jina la mzee, namba yake ya jeshi, kikosi chake, mwaka alioandikishwa na mwaka aliofunguliwa. Liongezwe pia jina la aliyesimulia na tarehe aliyosimulia. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine ipelekwe kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, au kwa wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Moi walio jirani.

Wajane wa wazee hao na watoto wao wakubwa sasa ni wazee sana. Wanaofahamu ni nani aliyevaa kabuti lile na alikotoka nalo wanapungua kila mwaka. Kama ukoo wa Meinertzhagen uliweza kutunza kwa miaka mia moja kumbukumbu ya kitu kisicho chake, sisi hatuna udhuru wa kupoteza jina la mwenye kitu kilicho chetu. Aulizwe bibi wiki hii, na majibu yake yaandikwe.