Tuskegee: Uwanja Uliojengwa Kando

Tarehe 7 Machi 1942, kwenye kambi ya jeshi iliyokuwa haijaisha kujengwa katika jimbo la Alabama, Marekani, wanaume watano walisimama wakabandikwa mabawa ya fedha vifuani. Walikuwa wameanza kozi wakiwa 13. Wanane walichujwa njiani. Kapteni Benjamin O. Davis Jr. alikuwa mwanajeshi wa kazi, mhitimu wa chuo cha West Point. Lemuel Custis alitoka kwenye upolisi huko Hartford, Connecticut. Wengine ni George Roberts, Charles DeBow na Mac Ross. Kabla ya siku hiyo Jeshi la Anga la nchi ile halikuwa na rubani Mweusi hata mmoja.

Anayetaja Tuskegee leo mara nyingi huchanganya viwanja viwili, wala si wa kulaumiwa. Kulikuwa na Moton Field, kiwanja kidogo cha nyasi ambako mwanafunzi alianzia. Na kulikuwa na kambi kubwa, Tuskegee Army Air Field, kaskazini-magharibi ya mji, yenye njia za lami, karakana, hospitali na mabweni, ambako aliyevuka hatua ya kwanza alipelekwa kumalizia. Mabawa ya fedha yalitolewa kwenye kambi kubwa. Lakini iliyobaki na kugeuzwa makumbusho ni ile ndogo.

Ili kuelewa kwa nini viwanja hivyo vilijengwa huko, mbali na kambi nyingine zote za urubani, turudi mwaka 1925. Chuo cha Vita cha Jeshi kilitoa ripoti iliyodai kwamba mtu Mweusi hana akili, ujasiri wala uwezo wa kuongoza unaohitajika vitani. Ripoti hiyo haikukaa kabatini. Kwa miaka 15 iliyofuata, kijana Mweusi aliyeomba kufundishwa urubani wa kijeshi alijibiwa kwamba hakuna kikosi cha watu wake, na kwa hiyo hakuna pa kumweka. Davis mwenyewe aliomba mwaka 1935 akajibiwa hivyo hivyo. Huyu ni mtu aliyemaliza miaka minne West Point huku wenzake wamekubaliana kutomsemesha, akila peke yake na kulala peke yake. Baadaye jeshi lilimpeleka kufundisha masomo ya kijeshi katika Taasisi ya Tuskegee, kwa sababu ofisa Mweusi hakutakiwa kuamuru askari Weupe.

Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington, na sifa yake ilikuwa kazi za mikono: useremala, uashi, ufundi wa magari. Mmoja wa wahitimu wake wa ufundi wa magari, John Robinson, darasa la 1924, alijifunza kurusha ndege huko Chicago. Mwaka 1934 alirudi Tuskegee kwa ndege kwenye mkutano wa wahitimu wenzake, kuwashawishi wakuu wa chuo waanzishe shule ya urubani. Hawakuanza wakati ule. Mwaka uliofuata Robinson alikuwa Addis Ababa, akimrushia ndege Mfalme Haile Selassie wakati Waitalia wanaivamia Ethiopia. Kwa hiyo Mtuskegee wa kwanza kuruka vitani alirukia anga la Afrika, miaka saba kabla ya wale watano kubandikwa mabawa.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1939, vita vilipoanza kunukia. Serikali ya Marekani ilianzisha mafunzo ya urubani kwa raia kupitia vyuo, na Tuskegee ikapata nafasi. Mwalimu wake mkuu alikuwa Charles Alfred Anderson, ambaye kila mtu alimwita Chief. Kijana huyo wa Pennsylvania alikosa mtu wa kumfundisha, akakopa kwa jamaa na marafiki, akanunua ndege yake mwenyewe, akajifundisha sehemu kubwa ya kazi na kupata leseni mwaka 1929. Ukimtafuta mtu mmoja aliyeitia roho shule hii, nadhani ni yeye.

Chief Anderson ndiye aliyemrusha Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, tarehe 29 Machi 1941. Mama huyo alikuwa amesikia kwamba watu Weusi hawawezi kurusha ndege, akataka kuona. Walinzi wake walishtuka. Yeye akapanda kiti cha nyuma cha ndege ndogo, wakazunguka juu ya Alabama na kurudi salama, na picha yao wakitabasamu ikasambaa. Wengi husimulia kwamba safari hiyo ndiyo iliyozaa kambi. Tarehe zinakataa. Wizara ya Vita ilikuwa imetangaza kuundwa kwa Kikosi cha 99, cha marubani Weusi, tangu Januari, na kikosi chenyewe kilianzishwa tarehe 22 Machi, wiki moja kabla ya mama huyo kupanda. Alichosaidia kwa dhahiri ni fedha: alikuwa mdhamini wa Mfuko wa Rosenwald, ambao ulikopesha dola 175,000 za kujenga Moton Field.

Kilichoisukuma Wizara kilikuwa kelele za magazeti ya Weusi, shinikizo la vyama vya haki, na kesi. Januari ileile ya 1941 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, Yancey Williams, mwenye leseni ya urubani, alichukua hatua ya kuishtaki serikali kwa kumnyima nafasi. Jibu la Wizara lilikuwa la ujanja: mtapata kikosi, lakini chenu peke yenu, na shule yenu peke yenu. Chama cha haki za Weusi, NAACP, kilipinga. Jaji William Hastie, mshauri wa Waziri wa Vita, alipinga tangu mwanzo na mwishowe akajiuzulu Januari 1943 kwa sababu ya ubaguzi huo. Kuna waliomwona Hastie mkaidi. Mimi namwona mtu aliyekataa kupokea nusu ya haki yake na kushukuru.

Ujenzi wenyewe ulikuwa na fahari yake. Kambi kubwa ilijengwa na kampuni ya McKissack & McKissack ya Nashville, mali ya familia ya Weusi, kwa michoro ya Hilyard Robinson, msanifu Mweusi. Moton Field ilijengwa na mhandisi Archie Alexander wa Iowa, naye Mweusi. Darasa la kwanza lilizinduliwa tarehe 19 Julai 1941 kwenye viwanja vya Taasisi, mbele ya sanamu ya Booker T. Washington. Walipohamia kambini baadaye mwaka huo walilala kwenye mahema, na mvua ya Alabama ikafanya ardhi nyekundu kuwa matope ya kuvuta viatu.

Kozi ilikwenda kwa hatua. Kwanza Moton Field, kwenye ndege za Stearman: mabawa mawili, moja juu na moja chini, mwili wa kitambaa, viti viwili wazi kwa upepo. Mkufunzi alizungumza kupitia bomba la mpira lililounganishwa na kofia ya mwanafunzi, na bomba hilo lilipeleka sauti upande mmoja tu. Mwanafunzi alitukanwa, akaelekezwa, akasifiwa mara mojamoja, bila njia ya kujibu. Magurudumu ya mbele ya ndege ile yamekaribiana, na la tatu, dogo, liko mkiani. Aliyetua huku amelala kidogo upande mmoja aliweza kuona dunia ikimzunguka kama pia, ncha ya bawa ikichubua majani. Kila kijana alisubiri siku ambayo mkufunzi angeshuka, afunge mkanda wa kiti kitupu, na kumwambia aende mwenyewe.

Wakufunzi wa Moton Field walikuwa raia Weusi walioajiriwa na Taasisi kwa mkataba wa jeshi. Kwenye kambi kubwa, wakufunzi walikuwa maofisa Weupe. Huko mwanafunzi alipanda BT-13, ndege iliyosifika kwa kutetema hewani, kisha AT-6, na akishapata mabawa akahamia P-40 ya kivita. Mazoezi ya kulenga shabaha yalifanyika Eglin, Florida.

Hapa ndipo gharama ya kutengwa ilipoonekana. Mwanafunzi Mweupe alihama kituo hadi kituo: kimoja cha hatua ya kati, kingine cha ndege za injini moja, kingine cha injini mbili. Mwanafunzi Mweusi alikuwa na mlango mmoja nchi nzima. Hatua ya kati, ya juu, injini moja, baadaye injini mbili kwa watakaorusha ndege za mabomu, na mazoezi ya ndege za kivita, vyote vilibanwa kwenye uwanja mmoja. Nafasi zilipojaa, vijana wenye alama nzuri walisubiri zamu kwa miezi.

Na kulikuwa na watu wasiopigwa picha za mabawa: mafundi wa injini, wapishi, manesi, wanawake waliokunja parashuti juu ya meza ndefu, kamba kwa kamba, wakijua kosa moja ni maisha ya mtu. Mildred Hemmons alipata leseni yake ya urubani Tuskegee mapema mwaka 1941. Alipoomba kujiunga na marubani wanawake waliohamisha ndege za jeshi, alikataliwa kwa rangi yake. Akaendelea na kazi ya ofisini kambini. Mchumba wake, Herbert Carter, alikuwa mwanafunzi wa urubani. Wawili hao walikuwa wakipanga kukutana juu ya Ziwa Martin, yeye ndani ya Piper Cub, bwana ndani ya ndege ya jeshi iliyolazimika kupunguza mwendo, wakapungiana na kurushiana busu kisha kila mmoja akashika njia yake. Walioana mwaka 1942.

Chini ya mkuu wa kambi, Kanali Frederick von Kimble, mabango ya kutenganisha Weupe na Weusi yalikuwa ndani ya kambi yenyewe. Desemba 1942 nafasi yake ilichukuliwa na Noel Parrish, Mweupe wa Kentucky, aliyekuwa amesimamia mafunzo hapo. Parrish aliwapima wanafunzi kwa urukaji wao, akaondoa mabango, na akawaleta wasanii kuchangamsha kambi. Baada ya vita aliandika tasnifu ya kupinga utengano jeshini. Lakini nje ya lango Alabama ilikuwa Alabama ileile. Katika kaunti hiyohiyo maofisa wa afya wa serikali walikuwa, tangu 1932, wakiwatazama mamia ya wakulima Weusi wakiugua kaswende bila kuwatibu, jambo lililokuja kufichuliwa mwaka 1972.

Kikosi cha 99 kilivuka bahari Aprili 1943 kikiongozwa na Davis, kikaanzia Afrika Kaskazini. Tarehe 2 Julai Charles Hall aliangusha ndege ya kwanza ya adui juu ya Sicily na zawadi yake ikawa chupa baridi ya Coca-Cola. Septemba mkuu wao wa juu, Kanali William Momyer, aliandika kwamba hawana moyo wa kupigana, na Davis akaitwa Washington kuwatetea. Januari 1944, juu ya Anzio, waliangusha ndege zaidi ya kumi kwa siku mbili, na hoja ikapoa. Baadaye, wakiwa sehemu ya Kundi la 332 lenye ndege za mikia myekundu, walisindikiza ndege za mabomu kutoka Ramitelli, Italia. Hesabu zinaonyesha waliangusha ndege 112. Kwa muda mrefu ilisemwa hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza. Kumbukumbu za jeshi zilipopekuliwa zilionyesha zilipotea kama 27. Bado ni chache kuliko wastani wa makundi mengine. Watu hawa hawahitaji kupambwa.

Zaidi ya 60 kati yao walikufa vitani. Mac Ross, mmoja wa wale watano wa kwanza, alikufa kwa ajali ya ndege Italia, Julai 1944.

Darasa la mwisho lilihitimu Juni 1946. Jumla ya marubani waliopitia hapo ni 992, wakiwamo watano kutoka Haiti. Mmoja wao, Alix Pasquet, aliuawa mwaka 1958 akijaribu kumpindua Rais Duvalier. Daniel James, darasa la 1943, mwaka 1975 alikuwa Mweusi wa kwanza Marekani kufikia ujenerali wa nyota nne. Davis alipewa nyota ya nne mwaka 1998, akiwa amestaafu siku nyingi. Tayari Julai 1948 Rais Truman alikuwa ameamuru utengano jeshini ukomeshwe.

Kambi kubwa ilifungwa. Ardhi yake iliingia mikononi mwa watu binafsi, majengo yakaondoka, njia za lami zikapasuka na majani kuota kwenye nyufa. Moton Field ilitangazwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1998, na hangari yake ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2008. Kando ya hangari hiyo njia ya kurukia bado inatumika. Ni uwanja wa ndege wa mji, na ndege ndogo za raia huondoka hapo hadi leo.