Kulinda Nani?

"Viwanda vya ulinzi." Maneno haya hutufikia hapa Nizi, katika Ituri ya Kongo, kwa redio kutoka ng'ambo ya Ziwa Albert, na kila yanapotamkwa husikika kama jambo lililokwisha kukubaliwa. Uganda ina mafuta chini ya ardhi ya Bunyoro. Uganda ina kiwanda cha risasi na cha magari ya kivita huko Nakasongola. Basi Uganda inajenga viwanda vya ulinzi. Sina ugomvi na nchi inayotaka kujitegemea kwa silaha zake. Ugomvi wangu uko na neno la mwisho, ulinzi, jinsi linavyokaa kwa utulivu katika habari ambayo kwetu sisi wa Ituri haina utulivu wowote.

Ulinzi umetokana na kulinda, na kulinda ni kitenzi kinachodai yambwa. Mtu akikuambia ameshinda analinda, utamuuliza papo hapo: unalinda nini? Naye atakujibu: mtama usiliwe na ndege, mahindi yasivunjwe na nyani, nyumba ya shangazi aliyesafiri. Kitenzi hakitulii mpaka kipewe kinacholindwa, na mara nyingi kipewe pia adui anayezuiwa. Nomino haina shida hiyo. Ukishasema ulinzi, anayelindwa ametoka kwenye sentensi kimyakimya, na anayezuiwa ametoka naye. Inabaki wizara, bajeti na mlango wa kiwanda.

Swali la yambwa limewahi kuulizwa juu yetu, tena mbele ya majaji wa dunia nzima. Jeshi la Uganda lilipokuwa katika ardhi ya Kongo kuanzia mwaka 1998, serikali yake ilijitetea kwamba lilikuwa linatumia haki ya kujilinda. Kongo ilipeleka kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 1999. Tarehe 19 Desemba 2005 majaji waliamua kwamba mazingira ya kisheria na ya kweli ya kuitumia haki hiyo hayakuwapo, na kwamba hapa Ituri Uganda ilikuwa dola inayokalia ardhi ya wengine. Ilichukua miaka mingine kumi na sita kufikia hesabu ya fidia. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliitaka Uganda iilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Mimi niliisoma hukumu ile kama mpenzi wa maneno asomavyo kamusi. Kurasa zote zile, na mzizi wa jambo ni kitenzi kimoja na kiambishi kimoja: -ji-, katika kujilinda.

Kiambishi hiki ni cha kuogopwa. Kinamfanya msemaji awe mtenda na mtendwa kwa pamoja, na hivyo kinamwondolea msikilizaji nafasi ya kuuliza chochote. Unamlinda nani? Najilinda. Imekwisha. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika teritwari yetu ya Djugu makundi mengi yaliyowahi kushika bunduki yamejiita makundi ya kujilinda. Kundi linaloogopwa kuliko yote, CODECO, limebeba katika herufi zake neno la Kifaransa lenye maana ya ushirika, kwa sababu lilianza miaka ya 1970 kama ushirika wa wakulima wa hapahapa. Herufi zimebaki zilezile. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 wapiganaji wake waliingia katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo na kuua watu zaidi ya hamsini, wengi wao watoto na wanawake, waliolala katika vibanda vya turubai. Mchana wa tarehe 1, saa chache tu kabla, ng'ambo ya ziwa huko Kampala, ilikuwa imetangazwa hatua ya mwisho ya kuwekeza katika mafuta ya Ziwa Albert, mradi wa zaidi ya dola bilioni kumi. Juma moja baadaye ikaja hukumu ya fidia. Mambo haya matatu hayakusababishana. Lakini anayetaka kujua neno ulinzi lina uzito gani huku kwetu aiweke kalenda ya Februari 2022 mbele yake.

Nirudi kiwandani, maana huko ndiko maneno yalikojaa.

Shirika la jeshi la Uganda la uzalishaji, NEC, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1989. Chini yake iko Luwero Industries ya Nakasongola, kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya kwenda Gulu, iliyobeba jina la eneo la vita vya msituni vilivyomweka Museveni madarakani. Kazi yake kuu imekuwa risasi za silaha ndogondogo. Kisha yakaja magari ya deraya yenye majina ya Kiswahili, Nyoka na Chui, na mwaka 2022 ikafunguliwa karakana ya ubia na Streit, kampuni yenye mizizi Kanada na kiwanda kikubwa Ras Al Khaimah katika Falme za Kiarabu. Vyombo vya habari viliandika kwamba Uganda sasa "inatengeneza" magari ya kivita.

Kutengeneza! Vitenzi vya Kiswahili vyenye kazi nyingi kama hiki ni vichache. Fundi aliyeziba pancha ametengeneza baiskeli. Aliyefunga waya uliokatika ametengeneza redio. Mama aliyekaanga samaki ametengeneza chakula. Kuanzisha kitu kisichokuwapo na kukirudisha kilichoharibika ni neno moja, na katika maisha ya kawaida hatudhuriki kwa hilo, kwa sababu macho yanaona. Katika habari za silaha macho hayaoni, na hapo ndipo inabidi kuvitoa sandukuni vitenzi vingine ambavyo lugha yetu inavyo tangu zamani.

Kipo kufua. Mhunzi akitaka kukufulia panga huchukua kipande cha springi ya gari, akakizika kwenye makaa, kijana akavuta mivukuto mpaka chuma kinakuwa chekundu, kikashikwa kwa koleo na kuwekwa juu ya fuawe, nyundo zikapokezana. Kinapoanza kupoteza wekundu kinarudi motoni. Panga linapotoka mikononi mwake kila mkunjo wa ule ubapa ni wake, ingawa chuma kilizaliwa kama sehemu ya lori. Kipo kuunda, neno la waunda majahazi wa pwani: ubao juu ya ubao juu ya mkuku, mpaka chombo kinaelea. Muundaji anajua umbo lote kabla ya kupigilia msumari wa kwanza; ramani iko kichwani mwake. Kipo kuunga, na kuunganisha, ambako sehemu zimekuja tayari na kazi yako ni kuzikutanisha zisiachane. Na kipo kukarabati, ambako chombo ni kikuukuu na unakiongezea umri.

Viweke vitenzi hivi vinne mbele ya kiwanda chochote cha silaha katika Afrika Mashariki na utaona habari inavyobadilika. Risasi zinazotoka kwenye mashine za Nakasongola zinafuliwa, hata kama mashine zenyewe zilinunuliwa nje. Gari la ubia na kampuni ya kigeni linaungwa kwanza; likiendelea kuungwa kwa miaka, na wahandisi wa Uganda wakafikia kuchora umbo lao wenyewe, siku hiyo litakuwa linaundwa, na neno litakuwa limestahiliwa. Kifaru kikongwe kilichorudishiwa injini kimekarabatiwa. Kenya ilifungua kiwanda cha risasi Eldoret mwaka 1997 kwa utaalamu wa Wabelgiji, na Aprili 2021 ikafungua cha bunduki Ruiru, chenye uwezo uliotajwa wa bunduki 12,000 kwa mwaka. Mtu akiniambia Kenya inatengeneza bunduki, sijajifunza kitu. Akiniambia chuma cha mtutu kinafuliwa wapi na nani anamiliki mchoro, nimejifunza kama bunduki ile ni ya nyumbani au ni mgeni aliyepewa kiti sebuleni.

Watanzania walilitangulia jambo hili, na kwa maneno pia. Shirika lao la Morogoro, lililoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, linaitwa Mzinga. Kituo cha teknolojia ya magari ya jeshi kule Kibaha kinaitwa Nyumbu. Mzinga ni gogo lililotobolewa katikati na kutundikwa mtini ili nyuki waingie, na ni bomba la chuma linalotema moto. Nani alikuwa wa kwanza kuutazama mdomo wa ile silaha ya Wareno na kuona nyumba ya nyuki, hakuna ajuaye, lakini alikuwa mtu mwenye jicho. Jina hilo linanipa raha kwa sababu ni letu kabisa. Bunduki tuliipokea kwa Waarabu pamoja na jina, neno ambalo kwao lilianzia kwenye tunda dogo gumu na baadaye likawa gololi ya kurushwa. Risasi ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Sisi wa Kongo tukaligeuza likawa masasi. Baruti na karakana nazo zilivuka bahari. Upande wa maneno tusiyoazima yamebaki mkuki, upinde, mshale na ngao. Karibu msamiati wote wa moto uliletwa na meli, na msamiati wa mkono ni wa babu. Nadhani hii ni sehemu ya sababu viongozi wa leo hupenda kuyapa magari yao majina ya Chui na Nyoka: mashine ni ngeni, jina liwe la porini kwetu.

Nimetaja mafuta. Inakadiriwa kwamba chini ya upande wa Uganda yamo mapipa bilioni 6.5, na bilioni 1.4 kati ya hayo yanaweza kutolewa. Bomba la kilomita 1,443 limechorwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Upande wetu wa ziwa, Kasenyi na Tchomia na Mahagi, kuna vitalu vilivyogawiwa na kugombaniwa kwenye karatasi. Mnada mkubwa uliotangazwa Kinshasa Julai 2022 ulifutwa Oktoba 2024. Mafuta tunayoyajua sisi ni esansi na mazutu vya kwenye bido, vinavyouzwa kando ya barabara na kijana ambaye mji mzima unamwita kadafi. Anamimina kwa mrija kutoka kwenye bido la njano hadi kwenye chupa, kitambaa kimefunikwa juu ya faneli kuchuja uchafu, kidole gumba kiko tayari kuziba. Jina la mtawala wa Libya, aliyekaa juu ya mafuta ya kweli na kujaza maghala kwa silaha za kununua, limekuwa jina la kazi ya kijana asiye na kisima. Maghala yale yalipovunjwa mwaka 2011, silaha zilisambaa Sahel yote.

Lakini Libya ilinunua. Nchi ya mafuta iliyojenga viwanda vyake hasa, karibu nasi, ni Sudan. Shirika lake la viwanda vya kijeshi lilianzishwa mwaka 1993; mafuta yalipoanza kusafirishwa nje mwaka 1999 fedha zikapatikana, na Sudan ikahesabiwa miongoni mwa nchi za Afrika zinazofua risasi zake na kuunda zana zake. Kiwanda cha Yarmouk kilikuwa Khartoum, katikati ya watu. Oktoba 2012 kililipuliwa kutoka angani. Aprili 2023 majenerali wawili walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na Juni mwaka huohuo RSF, kikosi cha mmoja wao, kikauteka uwanja wa Yarmouk. Silaha zilizoandikwa ulinzi kwenye bajeti zilikuwa sasa katika mikono miwili inayopigana, na yambwa ya kitenzi, yaani mkaaji wa Khartoum, alikuwa ameshika njia ya kuelekea Chad na Misri akiwa na godoro kichwani. Sudan haikukosea kwa kujua kufua. Ilikuwa na ufundi, ilikuwa na fedha, na haikuwa na mtu mwenye nguvu ya kuuliza alindwe nani.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wahariri wa redio za Bunia, na kwa wenzao wa Kampala na Dar es Salaam, ni dogo na ni la sarufi. Kiitwe kiwanda cha silaha. Ni jina kamili, halitukani mtu, na neno kiwanda lenyewe lina asili ya heshima: ni ule uwanja wazi ambapo fundi hufanya kazi watu wakimwona. Kitendo kitajwe kwa kitenzi chake, kufua, kuunda, kuunga au kukarabati. Na neno ulinzi litumike pale tu mwandishi anapoweza kulirudisha kuwa kitenzi chenye yambwa ndani ya sentensi hiyohiyo. Wanajeshi wa Uganda wamo tena Ituri, safari hii kwa makubaliano na Kinshasa, chini ya Operesheni Shujaa iliyoanza Novemba 2021. Habari inayosema wameimarisha ulinzi Djugu haijasema kitu. Habari inayosema wamelinda barabara ya kwenda Mahagi, au migodi ya dhahabu, au kambi ya wakimbizi, imesema, na kila moja inasema jambo tofauti.

Kongo nayo inacho kiwanda chake. Huko Likasi, Katanga, iko AFRIDEX, chini ya wizara ya ulinzi, inayojulikana kwa baruti za migodini na risasi. Tangu vita vya Kivu vilipopamba moto, wazo la nchi kujifulia silaha limepata wapenzi wengi Kinshasa, na ninawaelewa; mtu aliyechoka kupigwa hutafuta fimbo. Mafuta ya Muanda yanatoka tayari, yale ya ziwani yanaweza kutoka kesho, na kobalti haihitaji kutajwa. Hotuba zitakapoandikwa, zitaandikwa kwa Kifaransa, kisha mtu fulani katika chumba cha habari atakaa na kuzitia katika Kiswahili chetu, saa moja kabla ya matangazo. Ninamwomba huyo, akifika kwenye neno lile, asilivuke kabla ya kumwuliza msemaji wa wizara: risasi za Likasi zitamlinda nani wa Plaine Savo, nani wa Lopa, nani wa Nizi, na dhidi ya nani?