Kalibu za goti kwa kipimo cha mgonjwa: Usahihi wake ukoje?

Kwa mkazi wa Newala ambaye goti lake limesagika hata kuteremka miteremko ya Uwanda wa Makonde kumekuwa adha, safari ya kutafuta goti bandia ni ndefu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ambayo hufanya upasuaji huo, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Newala. Kwa sababu hiyo, suala la vifaa vinavyotengenezwa kwa kipimo cha mgonjwa mmoja mmoja si la madaktari peke yao. Vifaa hivyo humtaka mgonjwa apigwe picha, asubiri wiki kadhaa, kisha arudi kupasuliwa.

Katika upasuaji wa kubadilisha goti, daktari hukata ncha ya mfupa wa paja na ya muundi ili kuvisha vipande vya chuma na plastiki. Lengo lililozoeleka ni kuuacha mguu ukiwa umenyooka kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo, bila kupotoka zaidi ya nyuzi 3. Nyuzi hizo zinaonekana chache, lakini kwenye muundi wenye urefu wa sentimita 40 zinatosha kusogeza kifundo kwa takriban sentimita 2.

Kwa njia ya kawaida, fimbo ya chuma hupenyezwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja ili iongoze msumeno. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kwa njia hiyo takriban asilimia 32 ya magoti yalitoka nje ya nyuzi 3, ikilinganishwa na asilimia 9 pale daktari alipoongozwa na kompyuta chumbani mwa upasuaji.

Hapo ndipo lilipozuka wazo la kalibu maalumu, ambalo lilienea Ulaya na Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Mguu hupigwa picha ya CT-Scan au MRI kuanzia nyonga hadi kifundo, kompyuta huunda umbo la mifupa, na daktari hupanga mikato kabla ya siku ya upasuaji. Kisha kiwanda huchapa kalibu za nailoni zinazokaa juu ya mfupa wa mgonjwa huyo tu, mfano wa kiatu kilichoshonwa kwa kalibu ya mguu wa mwenyewe.

Ahadi ilikuwa kubwa kuliko matokeo. Tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizo mbili hazikuona tofauti ya maana katika unyoofu wa mguu. Uchambuzi mpana wa mwaka 2017 ulikuta nafuu kidogo upande wa mfupa wa paja, lakini upande wa muundi makosa yaliongezeka, hasa katika mwinamo wa mbele na nyuma. Muda wa upasuaji ulipungua kwa dakika chache tu.

Sababu moja iko katika picha yenyewe. CT-Scan huonyesha mfupa vizuri lakini haionyeshi gegedu barabara, kwa hiyo mabaki ya gegedu au nyama laini yasipoondolewa vema, kalibu huketi kombo na mkato nao hufuata ukombo huo. Aidha, miezi mingi ikipita kati ya picha na upasuaji, goti linaweza kubadilika na kalibu isikae tena.

Hata hivyo, kalibu hizo zina mahali pake. Mgonjwa ambaye paja lake liliwahi kuvunjika na kuunga kombo, au ambaye bado ana chuma ndani ya mfupa, hawezi kupenyezewa fimbo ya kawaida. Kwake kalibu ni msaada wa kweli. Vilevile masanduku ya vifaa vya kuchemshwa hupungua, jambo lisilo dogo kwa hospitali yenye mashine chache za kutakasia.

Kwa mwenye matege ya kawaida ya uzee, kuongezewa gharama na safari ya pili kwa ajili ya kalibu pekee hakuna ushahidi wa kutosha wa kukutetea. Hata mpaka wa nyuzi 3 wenyewe umetiliwa shaka: utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia magoti 398, ulikuta kuwa baada ya miaka 15 magoti yaliyonyooka ndani ya mpaka huo hayakudumu zaidi ya yaliyotoka nje yake.