Sarafu na Shimo Lake

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike lolote juu ya historia, nadhani alitarajia habari za mwalimu mkuu wa kwanza, au za ile timu yetu ya mpira ya mwaka 1970. Hayo wataandika wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mimi nitaeleza habari za mashine yangu, kwa kuwa wengi mliohudhuria mkutano uliopita mliniona nikizunguka nayo uwanjani, masikio nimeyaziba, nikiipeleka huku na huku kama mtu afyekaye nyasi, na najua mlichokuwa mkinong'onezana. La, ndugu zangu, akili zangu ni timamu, wala sitafuti dhahabu ya Mjerumani.

Ni mashine ya kutafutia vitu vya metali vilivyofukiwa. Chini ina duara la waya. Umeme wa betri hupita katika waya huo ukigeuka-geuka, ukafanya usumaku unaoingia ardhini. Usumaku huo ukikuta kipande cha metali, nacho huzaa umeme mdogo ndani yake, na umeme huo huwa na usumaku wake, ambao mashine huuhisi na kulia. Vijana mnaosoma fizikia mtanielewa. Sarafu ya shaba iliyolala bapa husikika ikiwa kina cha kama shibiri moja. Zaidi ya hapo ni bahati yako. Mchanga wa pwani wenye maji ya chumvi huichanganya mashine, na vizibo vya soda huidanganya kuliko kitu kingine chochote. Kwa mlio kumi nichimbuayo, saba ni vizibo, miwili ni misumari, na mmoja ndio unaomfanya mtu arudi tena Jumamosi ifuatayo.

Niliinunua mwaka 1988 katika mji wa Southampton, wakati nikiwa fundi wa mitambo melini. Huko Uingereza watu huitumia kwa burudani. Hukutana mwisho wa juma, huomba ruhusa ya mkulima mwenye shamba, hutembea siku nzima matopeni, na jioni kila mtu humwaga mezani alichokipata na wenzake wakakitazama. Nilipenda hasa hilo la mwisho. Mtu aweza kukaa na kifungo cha koti la askari wa zamani akakisimulia mpaka chai ikapoa.

Mfano wao mkubwa ni wa mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne. Mkulima mmoja, Peter Whatling, alipoteza nyundo yake shambani, akamwomba rafiki yake Eric Lawes amtafutie kwa mashine. Lawes akakuta sarafu za Kirumi, za dhahabu na fedha. Alipoona ni nyingi hakuendelea kuchimba, bali alitoa taarifa, na wataalamu wakaja kuchimbua zilizobaki kwa utaratibu. Zilikuwa karibu sarafu 15,000, pamoja na vijiko na vito. Kwa sababu zilikuwa hazijavurugwa, wataalamu waliweza kujua kwamba mali ile ilipangwa ndani ya sanduku la mbao, ijapokuwa mbao zenyewe zilikwisha kuoza. Serikali ililipa, na Lawes akagawana malipo na Whatling. Nyundo nayo ilipatikana. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Uingereza.

Mimi nilikuwa nimekwisha kufanya kinyume chake, miaka mitatu kabla.

Mwaka 1989 nilikuja likizo, nikaenda kumwamkia mjomba nje kidogo ya Kilwa Kivinje. Mjomba alikuwa na shamba la minazi na mihogo, akanipa ruhusa nitembee nitakavyo. Siku ya kwanza nilipata hela tano za Mjerumani. Nasema hela kwa maana yake ya asili, kwa kuwa neno hilo tunalolitumia kila siku limetokana na heller, sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Kabla yake rupia ilikuwa pesa 64, na neno pesa nalo lilitoka Bara Hindi. Siku ya pili nikapata pesa moja ya Seyyid Barghash wa Unguja, yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijriya, yaani kama 1882. Mjomba alifurahi sana. Akaniambia babu yake alikuwa akinunulia tumbaku kwa hizo.

Siku ya tatu, chini ya mteremko uelekeao baharini, mashine ililia mfululizo mahali pamoja. Nikachimba kwa jembe. Zikatoka sarafu kumi na moja za shaba, ndogo, nyembamba, kijani kwa kutu. Nilichofanya baada ya hapo nakieleza kwa aibu. Nilizizoa zote, nikazitia katika kopo la Kimbo pamoja na hela na ile pesa ya Barghash, nikafukia shimo ili ng'ombe asivunjike mguu, nikarudi nyumbani. Usiku huo nikazisugua kwa ndimu na majivu mpaka zikang'aa kama sufuria ya harusi.

Mwaka uliofuata nilimpelekea mtaalamu mmoja wa mambo ya kale, nikitegemea kupongezwa. Alizitazama kwa kioo muda mrefu. Akasema ni sarafu za masultani wa Kilwa, umri wake ni mamia ya miaka, lakini maandishi nimeyala kwa ndimu. Aliweza kusoma jina "Ali" kwenye tatu tu. Kisha akaanza kuniuliza. Zilikuwa zote shimo moja, au zimetawanyika? Kina gani? Udongo ulikuwa wa rangi gani? Palikuwa na vigae vya vyungu? Majivu? Chokaa? Kila swali nilijibu kwamba sikumbuki, au sikutazama. Nilipokwenda tena Kivinje kumtafutia majibu, mjomba alikuwa amekwisha kulima mteremko ule wote na kupanda mihogo mipya. Sikuweza kuonyesha hata hatua ishirini za karibu na mahali penyewe.

Alinieleza pia sheria, ambayo sikuijua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakihesabu kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa ni kitu cha kale, na anayekigundua hana budi kutoa taarifa. Kuchimba kutafuta vitu hivyo bila kibali ni kosa. Hela ya Mjerumani haimo katika hesabu hiyo, lakini sarafu ya Kilwa imo. Nilizikabidhi zote kumi na moja. Zilitiwa katika bahasha, na juu yake akaandika mbele ya macho yangu: Kilwa, mahali hapajulikani.

Kijana aweza kuuliza: sarafu si ni ile ile, hata ikitoka mfukoni? Sivyo, na hasa kwa sarafu za Kilwa. Sarafu hizo zimeandikwa pande mbili kwa vina, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayofuatisha kina cha jina hilo. Ni kazi ya kupendeza mno. Lakini hazina mwaka. Sultani huyo Ali bin al-Hasan alitawala lini? Sarafu haisemi. Jibu lazima litoke kwa majirani wake ardhini.

Na lilitoka, huko Pemba. Mwaka 1984, katika kisiwa kidogo cha Mtambwe Mkuu, Mark Horton na wenzake walichimbua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, zenye majina ya watawala wa pwani yetu hii, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za kaskazini. Dinari zina miaka, na zile za mwisho ni za karne ya 11. Kwa kuwa vyote vilikutwa pamoja, zile za fedha zisizo na mwaka zikapata umri. Miongoni mwa majina hayo limo la Ali bin al-Hasan, ambaye vitabu vya awali vilimweka kama miaka mia baadaye. Hebu fikiri kama angetangulia mtu wa ndimu na kopo la Kimbo, akauza dhahabu kwa sonara na kugawia watoto fedha.

Vivyo hivyo sarafu moja ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe. Ni kipande kimoja cha shaba, thamani yake hata siku zile haikuwa kubwa. Lakini kwa kuwa kilitoka pale, kimekuwa ushahidi wa kushikika wa uhusiano kati ya bandari ya Kilwa na nchi ya dhahabu.

Nampenda zaidi askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg. Mwaka 1944 alikuwa katika kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yao. Siku ya mapumziko alikwenda kuvua samaki katika kisiwa cha Marchinbar, akaokota sarafu tisa mchangani. Naye alizitia katika kopo, kama mimi! Ila alifanya jambo moja la ziada: alichukua ramani, akatia alama ya X mahali alipoziokota. Mwaka 1979 akazipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kidachi, na tano za Kilwa. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje, na kwa kuwa zilikuwa pamoja na za Wadachi haifai kurukia kusema kwamba mabaharia wetu walifika huko zamani za masultani. Hata hivyo wanabishana wakiwa na mahali pa kusimama, na wamerudi kisiwani kutafuta zaidi. Pale kwangu Kivinje hakuna atakayerudi.

Sasa nije uwanjani kwetu. Mwaka juzi wanafunzi wa chama cha historia waliniomba niwafundishe mashine. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba hakuna kuchimba kabla ya kamba na daftari. Mwalimu mkuu akaruhusu. Tuligawa upande mmoja wa uwanja kwa kamba, kila mraba mita mbili kwa mbili, na kila kilichotoka kiliandikwa namba ya mraba, kina na tarehe. Siku ya kwanza nilipotupa vizibo vya soda pembeni kama desturi yangu, kijana mmoja wa kidato cha pili aliviokota. "Shikamoo babu," akasema, maana alikuwa hajaniamkia, "si ulisema kila kitu kiandikwe?" Nikaitikia marahaba, nikanyamaza.

Kwa Jumamosi tatu tulipata sarafu 61. Nyingi ni senti tano za mwaka 1966, zile za pembe kumi na mbili zenye samaki. Ziko pia senti ishirini za mbuni, senti hamsini za sungura, na senti kumi moja ya tundu ya mwaka 1952, ya Mfalme George. Wenzangu tulioingia mwaka 1968 tuliapa kwamba ule mwembe wa mzee muuza kashata, tulipokuwa tukicheza kamari kwa siri, ulikuwa upande wa magharibi, karibu na bwalo. Vijana hawakubishana nasi. Walitundika ramani yao ubaoni. Sarafu 38 zimo katika miraba sita upande wa mashariki, na katika miraba hiyo hiyo vimo vizibo vingi vya zamani, vile vyenye gamba la koki ndani. Magharibi kuna misumari. Kumbe miaka hamsini tumekuwa tukiusimulia mwembe mahali usipokuwapo.

Pembe hiyo ya mashariki ndiyo inayotarajiwa kujengwa maktaba. Matofali yamekwisha kushushwa. Bado miraba 40 haijapitiwa, na msingi utachimbwa shule zikifungwa. Wenye picha yoyote ya uwanja ya kabla ya mwaka 1975, hata kama mwembe unaonekana nusu, waje nayo. Kamba zimehifadhiwa katika stoo ya fizikia. Tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, na mwenye kuja aje na kofia.