Mlio wa Gia katika Historia ya Pwani ya Wabajuni

Masimulizi ya vyombo vya Wabajuni mara nyingi huishia kwenye mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka. Mtepe ulitoweka katika karne ya 20, na zama za mashine zikafuata. Tukifika hapo, kwa kawaida tunauliza nani alipewa mashine na nani alinyimwa. Insha hii inauliza swali jingine: mashine ilipoanza kugonga, nani alijua sababu?

Swali hili lilikuwa na uzito Kismayu na katika visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Miaka ya 1970 serikali ya Siad Barre iliunda vyama vya ushirika vya wavuvi na kuvigawia boti za mashine. Novemba 1977 Somalia iliwafukuza washauri wa Kisovieti. Boti nyingi za ushirika nchini zilikwama kwa kukosa vipuri na matengenezo. Mwaka 1991 serikali ikaanguka, na Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya. Katika hali kama hiyo, kubadilisha gia nzima kwa kosa kulimaanisha kupoteza fedha na msimu wa uvuvi.

Injini ya dizeli ya silinda moja yenye mipigo minne hulipuka mara moja tu katika kila mizunguko miwili ya shafti. Kila mlipuko huisokota shafti kidogo, kisha shafti hujirudi. Huu ndio mtetemo wa msokoto. Flaiwili huupunguza, lakini haiumalizi. Tatizo hili liliwasumbua hata wenye meli kubwa: mwaka 1902 mhandisi Mjerumani Hermann Frahm alichapisha uchunguzi wake juu ya mitetemo ya namna hii katika shafti za meli.

Kwenye giaboksi, baina ya meno ya gia huachwa nafasi ndogo ili yazunguke bila kukwama. Mzigo ukiwa mkubwa, meno hubaki yamebanana upande mmoja. Mzigo ukiwa mdogo, msokoto huyatupa huku na huko ndani ya nafasi hiyo, nayo hugongana. Rafadha inapozunguka kwa nusu ya kasi yake, huhitaji takriban sehemu moja tu kati ya nane ya nguvu. Ndiyo maana boti inayokwenda polepole huweza kulia kama iliyoharibika, ilhali gia zake ni nzima.

Basi fundi makini husikiliza kabla ya kufungua. Mlio ukitokea mashine ikienda polepole na kupotea mzigo ukiongezeka, hushuku msokoto. Hukagua kwanza nozeli, maana mlipuko usio sawa huuzidisha, kisha mpira wa kiungo cha shafti. Mlio ukitokea kwenye kasi moja tu, na kutulia juu na chini ya kasi hiyo, shafti imefikia mtetemo wake wa asili. Dawa ya haraka ni kuipita kasi hiyo upesi bila kukaa hapo. Mlio ukizidi kadiri mzigo unavyoongezeka, na oili ikatoka na chembe za chuma, hapo ndipo gia au beringi zinaposhukiwa kwa haki. Na chombo kizima kikitikisika baada ya kugusa mwamba, rafadha itazamwe kwanza.

Katika dalili hizi nne, ni ile ya chembe za chuma tu inayoelekeza moja kwa moja kwenye gia mpya. Kwa hiyo, tunaposema boti zilikufa kwa kukosa vipuri, tumesema nusu ya habari. Nusu ya pili ni elimu ya kutambua ugonjwa, ambayo haikupakiwa pamoja na mashine. Tukiandika historia ya uvuvi wa pwani hii, mafundi waliojifunza elimu hiyo kwa masikio yao wanastahili nafasi kando ya washonaji wa mtepe, na inafaa wahojiwe wangali hai.