Hugh Tracey, mtu aliyekamata sauti

Tukisikia wimbo katika santuri tunauliza jina la mwimbaji. Ni nani anayeuliza jina la yule aliyeshika mikro? Tuseme basi habari za mmoja wao, Hugh Tracey, kwa maana alipita hata katika inchi yetu.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1903. Angali kijana alikuja Rhodesia ya Kusini kulima tumbako, na huko shambani alijifunza nyimbo za Wakaranga waliofanya kazi pamoja naye. Mwaka wa 1929 alisafiri na vijana 14 wa kwao mpaka Johannesburg, nyimbo zao zikatiwa katika santuri.

Nyuma yake alipeleka mashini mwenyewe kwa waimbaji, ndani ya motokari. Moteri ya umeme ilikaa mbali, na waya mrefu ukaletwa mpaka penye ngoma, ili mngurumo usiingie katika wimbo. Mikro aliishika mkononi, akiisogeza mara kwa mwimbaji, mara kwa mpigaji. Lakini upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika 3 hivi tu. Wimbo wa usiku mzima ulipaswa kukatwa! Tusidhani basi kwamba santuri ile ndiyo ngoma yenyewe ya kijijini.

Mwaka wa 1952 alifika Kongo na Rwanda. Alikamata sauti ya ngoma za mwami wa Rwanda. Na kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alimkuta kijana mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco, akakamata wimbo wake Masanga. Hapa tunamsifu sana. Yeye alipenda muziki wa zamani, na mambo mengi ya mjini aliyaona kuwa kuiga Wazungu tu. Lakini sikio lake lilishinda mawazo yake. Kwa santuri jina la Bosco lilifika mbali, hata Nairobi.

Mwaka wa 1954 alianzisha nyumba ya kutunza nyimbo hizo huko Roodepoort, Afrika ya Kusini, akatoa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Alikufa mwaka wa 1977. Leo zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, uliokuwa Grahamstown.

Nasi? Siku zile misioni nyingi zilikataza ngoma. Fratri anayetafuta leo wimbo wa babu zake, mara nyingi anakuta wazee waliouimba wamekwisha kuzikwa, na imempasa kuandika barua Afrika ya Kusini.