Rimu za braza, na hadithi ya namba zilizo ubavuni mwa tairi

Wadau, nimepotea humu karibu wiki tatu, mnisamehe. Kulikuwa na kazi za kukusanya, halafu katikati ya hizo kazi braza akanipigia simu akitaka nusu ya boom langu. Si la kula. Ni la rimu! Inchi 18, nyeusi, zinang'aa. "Dogo, hii gari itashika kona kama imepakwa gundi."

Kabla hamjacheka, gari lenyewe ni Mark II GX110, na ndilo linalompeleka mama kliniki kila mwezi. Kwa hiyo kwetu habari ya gari kushika barabara si habari ya mashindano. Halafu braza ana rekodi. Mwaka jana alivua matairi yaliyoandikwa kwenye kile kibandiko cha mlango wa dereva, 195/65R15, akafunga rimu za inchi 17 na matairi 215/60R17 aliyoyapata kwa bei ya kutupa. Gari likanyanyuka, likapendeza kweli. Ila ukikata usukani hadi mwisho tairi linasugua madigadi, krrrr. Na akiwa njiani kwenda Morogoro akapigwa tochi penye kibao cha 50. Dashibodi ilikuwa inasoma 50, tochi ikasema 54. Alibishana na trafiki nusu saa nzima, akalipa elfu thelathini, na mpaka leo anaamini alionewa.

Hakuonewa. Chukueni kalamu, ni hesabu ya darasa la saba. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana, karibu milimita 127. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili, juu na chini, unapata tairi lenye kimo cha milimita 634 na nusu. Lile la 215/60R17 linatoka milimita 690. Limezidi kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo kila mzunguko mmoja gari linakwenda mbali kuliko dashibodi inavyofikiri. Hamsini ya braza ilikuwa hamsini na nne.

Mimi nasomea ualimu wa historia, si fundi. Lakini nilipoanza kuuliza hizi namba zimetoka wapi, nikajikuta nimekaa usiku mzima, na karibu kila jibu la braza lilikuwa humo.

Kwanza, rimu kubwa si jambo jipya. Ford Model T, ile iliyotoka 1908, kwa miaka yake mingi ilivaa nyuma tairi la "30 kwa 3½", maana yake kimo inchi 30 na unene inchi 3 na nusu. Toa unene mara mbili, inabaki rimu ya inchi 23! Vijana wa mjini wanaotamba na inchi 20 bado hawajamfikia Henry Ford. Lakini yeye hakuwa anatafuta kushika kona. Barabara za Marekani wakati ule zilikuwa za udongo na mashimo, na gurudumu refu linapita juu ya shimo ambalo gurudumu fupi linatumbukia. Mpira ulikuwa mwembamba na uliojazwa upepo mwingi, unaruka kama mkokoteni. Mwaka 1923 Firestone walileta matairi manene yenye upepo mdogo, na toka hapo rimu zikaanza kushuka kadiri lami ilivyoenea. Zikafika 16, zikafika 15, na kufikia 1957 magari mengi ya Marekani yalikuwa kwenye 14. Mwaka 1959 Waingereza wakatoa Mini yenye rimu ya inchi 10, kwa sababu mbunifu wake, Alec Issigonis, alitaka nafasi ya abiria isimezwe na magurudumu. Hicho kigari kilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Inchi kumi, wadau. Magurudumu yake yamesukumwa hadi pembeni kabisa na mwili wake uko chini, ndiyo siri yake. Sasa mtu aniambie tena kwamba rimu kubwa ndiyo inayoshika kona.

Mapinduzi yenyewe hayakuwa kwenye saizi. Yalikuwa ndani, kwenye nyuzi, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndipo utamu ulipo.

Tairi la zamani lilisukwa kwa nyuzi zinazopishana kimshazari kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama ukindu wa mkeka. Ubavu na sehemu inayokanyaga vilikuwa kitu kimoja. Ukikata kona ubavu unapinda, na ukipinda unaivuta ile sehemu inayokanyaga, nayo inanyanyuka upande mmoja. Yaani pale unapohitaji mpira uguse barabara ndipo unapouondoa. Pale Michelin, Ufaransa, kulikuwa na mtu anaitwa Marius Mignol. Katika majaribio ya kuchunguza joto la tairi alitengeneza tairi la ajabu ambalo ubavu wake ulikuwa nyuzi za chuma zilizoachana, zinazokwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi juu. Wenzake wakaliita tundu la nzi. Hati ya ubunifu iliombwa Juni 1946, na 1949 tairi la Michelin X likaanza kuuzwa. Nyuzi za ubavu zinakwenda wima, na chini ya kashata kuna mkanda wa chuma. Ubavu unaweza kupinda peke yake huku kashata zimelala bapa barabarani. Ile herufi R katikati ya 195/65R15 ndiyo kumbukumbu ya jambo hilo. Watu wengi hudhani ni R ya rimu. Hata mimi nilidhani hivyo, teh teh.

Citroën, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Michelin, ilitoa gari la DS mwaka 1955 likiwa na matairi hayo, na mbele mapana kuliko nyuma: 165 mbele, 155 nyuma. Injini, kuvuta na kugeuka vyote vilikuwa mbele, basi mpira mwingi ukawekwa kwenye kazi nyingi. Wamarekani walichelewa sana. Gari lao la kwanza kutoka kiwandani na matairi ya aina hiyo kama kawaida lilikuwa Lincoln Continental Mark III ya 1970. Uvivu ulichangia, ila kulikuwa na sababu pia: springi na shokapu zao zilipangwa kwa matairi ya kale, ukibadili tairi unabadili tabia ya gari zima. Tairi, springi na usukani ni ndoa ya watu watatu.

Na upepo ni mtu wa nne. Chevrolet Corvair ya 1960 ilikuwa na injini nyuma, na mkia wake ulikuwa mwepesi kuponyoka kwenye kona. Dawa ya kiwanda ilikuwa upepo: mbele 15, nyuma 26. Basi. Mwenye gari akienda kujaza yote sawasawa, kama tunavyofanya sote ("weka thelathini-thelathini, fundi"), dawa imemwagwa bila yeye kujua. Ralph Nader alilianza kitabu chake maarufu cha 1965 kwa kulisema gari hilo. Wataalamu walibishana kwa miaka kama alilionea au la. Mimi nabaki na hilo la upepo tu, kwamba uhai wa watu uliachwa utegemee tofauti ambayo hakuna aliyeikumbuka pale kituo cha mafuta.

Sasa tuje kwenye kisa kinachomhusu braza moja kwa moja, asili ya matairi yenye ubavu mfupi.

Porsche 911 Turbo ilionyeshwa Paris mwaka 1974. Nguvu farasi 260, zote nyuma, na haikuwa na huruma kwa dereva aliyeachia mafuta katikati ya kona. Nyuma ilivaa 215/60 kwenye rimu ya 15. Pirelli walikuwa na tairi jipya, P7, lililotokana na mbio za magari za Lancia Stratos: pana, ubavu asilimia 50 tu, na ukanda wa nailoni juu ya ule wa chuma. Ubavu mfupi haupindi sana, kwa hiyo ukigusa usukani gari linajibu palepale, halisubiri mpira unyooke kwanza. Na tairi pana halikupi eneo kubwa sana kama watu wanavyodhani, maana eneo linategemea zaidi uzito na upepo. Linabadilisha umbo la eneo hilo, linakuwa fupi na pana, na umbo hilo linapenda kona.

Basi Porsche wakatoa 225/50 kwa nyuma, bado kwenye rimu ya 15. Pigeni hesabu yetu. Tairi la awali lilikuwa na kimo cha milimita 639. Jipya lina 606. Gari limefupishwa kwa zaidi ya sentimita tatu, gia zinakuwa fupi. Mwaka 1978, ilipotoka Turbo ya lita 3.3, wakapandisha rimu hadi inchi 16 na kuacha upana uleule, 225/50. Kimo kikarudi milimita 631.

Mmeona kilichotokea? Kilichotangulia ni ubavu kufupishwa. Rimu ilikua baadaye ili kujaza pengo, gari libaki na kimo chake. Rimu kubwa haikuwahi kuwa lengo la wale watu. Braza mwaka jana alichukua rimu kubwa na ubavu uleule mrefu (milimita 129, kutoka 127!), akapata ubaya wa pande zote mbili: uzito, kusugua, faini, na hakuna hata chembe ya kushika kona.

Uzito nao ni kesi. Rimu za alumini zilianza kupata sifa kwa Bugatti Type 35 mwaka 1924, na shabaha ilikuwa wepesi na kupoza breki. Kitu chochote kilicho chini ya springi kikiwa kizito, kikirushwa na tuta kinachelewa kurudi chini, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Rimu za bei poa za inchi 18 mara nyingi ni nzito kuliko zile za chuma ulizozivua. Zinyanyue kwa mkono kabla hujalipa, mizani bora hiyo.

Braza hakubali kirahisi. Akaniambia, "Mbona magari ya rali yana rimu kubwa?" Nikafurahi kwelikweli, maana hilo jibu nilikuwa nalo mfukoni. Mwaka 2021 Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Sébastien Ogier alikuwa ameshinda Monte Carlo mwezi Januari kwa Toyota Yaris, akaja kushinda Naivasha mwezi Juni kwa Yaris. Tairi lao la lami ni 235/40 kwenye rimu ya 18. La vumbi na mawe ni 205/65 kwenye rimu ya 15. Piga hesabu: milimita 645, na milimita 647. Kimo kilekile! Barabara ikiwa laini, wanakula kimo kwa chuma. Barabara ikiwa mbaya, wanakula kwa mpira. Na hao wana mafundi na magurudumu ya akiba, sisi tuna mama na tairi moja la akiba kwenye buti.

(Pembeni kidogo: Toyota walipotoa GT86 mwaka 2012, gari la michezo kabisa, walilivalisha 215/45R17 ya Michelin ambayo pia ilivaliwa na Prius. Walitaka dereva asikie gari likianza kuteleza taratibu akiwa kwenye mwendo wa kawaida. Mpira mwingi si lazima furaha nyingi.)

Jumamosi tulienda wote wawili kuziona hizo rimu za 18. Zilikuja na matairi 225/40 ya mtumba. Kimo chake milimita 637, kwa hiyo dashibodi isingedanganya, hapo braza alikuwa amejifunza. Ila ubavu ni milimita 90 tu, na njia ya kwetu mnaijua. Shimo moja usiku, rimu imepinda. Na tairi pana hivyo kwenye mvua ya masika linaanza kuelea juu ya maji mapema kuliko jembamba. Nikainama kusoma zile tarakimu nne za mwisho za DOT: 0911. Wiki ya tisa, mwaka 2011. Kashata zimejaa vizuri, lakini mpira umekauka una nyufa kama kisigino. Braza akanyamaza.

Tukaishia kwenye inchi 16, rimu za mtumba zenye ET ileile ya zile za kiwandani, ili gurudumu lisichomoze nje na kuuvuta usukani. Matairi mapya, 205/55R16, namba ya uzito 91 kama yale ya kwanza, yaani kila tairi linabeba kilo 615. Kimo milimita 632, pungufu ya milimita mbili na nusu tu. Ubavu umepungua kidogo, wa kutosha kusikia tofauti kwenye mzunguko wa barabara, na bado kuna mpira wa kumeza shimo. Robo ya boom imekwenda, si nusu.

Wakati fundi anabalansi nikamwonyesha braza kwenye simu: 205/55, inchi 16. Ndiyo saizi ya Porsche Turbo ya 1978.

"Unanidanganya dogo. Kwa hiyo nimefunga tairi za Porsche?"

"Za mbele tu, braza."

Sasa anamwambia kila mtu mtaani, na hilo neno "mbele" ameshalisahau.